Farasi hangoji: mnase kwa penseli

Jaribu kumchora farasi akitimka Ngong Racecourse, Nairobi. Utakoma! Kabla hujamaliza sikio, ashapita.

Usijilaumu. Hata Mfaransa Géricault aliteleza. Mwaka 1821 alichora farasi wa Epsom wakipaa, miguu imenyooshwa mbele na nyuma. Picha za Muybridge zilizopigwa Marekani mwaka 1878 zilifichua ukweli: kwato zote nne huwa hewani miguu ikiwa imekunjwa chini ya tumbo.

Sasa fanya hivi. Raba iache nyumbani. Anza na mstari mmoja tu, kutoka shingo hadi mkia. Ongeza mwinamo wa joki, kisha miguu. Sekunde 10 zatosha. Akipita, fungua ukurasa mwingine. Michoro 20 mibovu itakunoa jicho kuliko mmoja uliorembwa.