Bangi kwa tumbo lisilotulia

Kwa mkazi wa Luano, upande wa uwanja wa ndege wa Lubumbashi, tumbo linaloharisha wiki baada ya wiki huwa na jina hata kabla ya kupimwa: amiba. Mgonjwa anakwenda duka la dawa, anapewa metronidazoli, anapata nafuu siku chache, kisha mambo yanarudi palepale. Anatibiwa homa ya matumbo, anameza antibiotiki. Akianza kukonda, majirani wanaanza kunong'ona. Na katika kuhangaika huko hakosi kutokea mtu wa kumwambia kwa sauti ya chini avute bangi kidogo, au achemshe majani yake anywe, tumbo litatulia.

Ushauri huo si wa kuchekwa. Wala si wa kufuatwa hivihivi.

Yako magonjwa mawili makubwa yanayouvimbisha utumbo na kuutia vidonda kwa miaka mingi, bila mdudu wa kulaumiwa. Wa kwanza ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932. Unaweza kushika popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, lakini hupenda sana mwisho wa utumbo mwembamba. Wa pili ni kolitisi ya vidonda, ambao makao yake ni utumbo mpana. Katika yote mawili kinga ya mwili huugeukia utumbo wenyewe. Mgonjwa huenda chooni mara kumi kwa siku, anatoa damu na ute, tumbo linamkata, usingizi unapotea, mwili unaisha. Magonjwa haya hayaambukizi. Dawa ya kuyaponya kabisa haijapatikana. Zilizopo huyatuliza, na kwa wengi huyatuliza vizuri.

Kwa muda mrefu yalihesabiwa kuwa magonjwa ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Afrika hesabu yake ni ndogo, na sababu moja iko wazi: kuyagundua kunahitaji kuingiza mpira wenye kamera ndani ya utumbo, kukata vipande vidogo vya nyama na kuvipeleka maabara vikaangaliwe kwa hadubini. Pasipo kamera, kila kinachoharisha damu ni amiba. Kongo pia imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu cha matumbo hufanana na Crohn kiasi cha kuwababaisha hata mabingwa. Kukosea hapa ni hatari. Dawa za kotikosteroidi, zinazomsaidia mgonjwa wa Crohn, zinaweza kumuua mwenye amiba au kifua kikuu.

Mmea wenyewe wa bangi si mgeni katika nchi hii. Kasai, katika karne ya 19, chifu Kalamba Mukenge na watu wake waliufanya kuwa kiini cha imani yao, wakaitwa Bena Diamba. Wajerumani Paul Pogge na Hermann von Wissmann waliwakuta mwaka 1881 wakivuta kwa pamoja ili kufunga urafiki na amani. Baadaye wafanyakazi wengi kutoka Kasai waliletwa Katanga, iliko Lubumbashi, kwa kazi za kampuni ya migodi ya Union Minière na za reli. Leo sheria ya Kongo haina mzaha: kwa mwananchi wa kawaida, kuuza au kuvuta bangi ni kosa la jinai.

Je, inafanya kazi tumboni? Mwaka 1964 Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, huko Israeli, waliitenga kemikali ya THC, ndiyo inayolevya, na kueleza umbo lake. Miaka iliyofuata ikaonyesha kwamba mwili wa binadamu una vipokezi vya kuipokea, viwili vikiwa maarufu: CB1 na CB2. Ubongo unavyo, na utumbo unavyo pia. CB1 imejaa kwenye neva za utumbo, na ikiguswa, mwendo wa utumbo hupungua kasi, maji hayamwagiki ovyo, maumivu hupoa. CB2 iko zaidi kwenye chembe za kinga. Kwa hiyo anayesema kwamba alivuta na kuhara kukapungua huenda anasema kweli tupu.

Jaribio lililotajwa zaidi lilifanyika katika hospitali ya Meir, mji wa Kfar Saba, Israeli, likiongozwa na Dk. Timna Naftali, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Wagonjwa walikuwa 21, wote wa Crohn, wote walikuwa wameshindikana kwa dawa za kawaida. Kumi na mmoja walipewa sigara za bangi zenye miligramu 115 za THC, mara mbili kwa siku. Kumi walipewa sigara za maua yaleyale, ila THC imekwisha kutolewa. Kwa wiki nane kila mmoja alivuta alichopewa. Watu 10 kati ya wale 11 walipata nafuu kubwa. Kwa wale wengine, wanne kati ya kumi. Hamu ya kula ilirudi, usingizi ukarudi, na watatu wakaacha kotikosteroidi. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu vyoo kila anapotoka nyumbani, hayo ni maisha mapya.

Lakini kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe hakikushuka. Wiki mbili baada ya sigara kusimama, ugonjwa ulikuwa umerudi.

Kundi hilohilo likaendelea. Mwaka 2021 lilitoa matokeo ya wagonjwa 56 wa Crohn, safari hii kwa mafuta ya kunywa yenye CBD, kemikali isiyolevya, mara nne ya THC. Hali ya wagonjwa ikawa bora zaidi kuliko ya wale waliopewa mafuta matupu. Kamera ilipoingizwa, vidonda vilikuwa vilevile. Na hapa ndipo penye jambo lote la makala haya: bangi imeonekana kutuliza dalili, haijaonekana kuuzima ugonjwa. Mama wa Luano anayepikia mbabula anajua makaa yanavyoweza kuwaka chini ya majivu bila moshi. Utumbo nao huendelea kuungua huku mwenyewe akijisikia mzima, hadi siku unapoziba au kutoboka.

Hofu hiyo si ya kubuni. Huko Calgary, Kanada, watafiti waliwauliza wagonjwa 313 wa magonjwa haya na kuchapisha majibu mwaka 2014. Wenye Crohn waliovuta bangi zaidi ya miezi sita walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufikia upasuaji. Labda bangi iliwafichia hatari. Labda walivuta kwa sababu walikuwa mahututi tangu mwanzo. Utafiti wa namna ile hauwezi kuamua, lakini unatosha kumzuia mtu kutupa vidonge vyake. Pia wako wavutaji wa miaka mingi wanaopatwa na kutapika kusikoisha, kunakotulia wakioga maji ya moto tu. Madaktari wa Adelaide, Australia, waliieleza hali hiyo mwaka 2004.

Nje ya Kongo milango imefunguka. Uingereza iliruhusu madaktari bingwa kuandika dawa za bangi kuanzia Novemba 2018, Ujerumani mwaka mmoja kabla. Zambia, ambayo mpaka wake wa Kasumbalesa uko kama kilomita 90 kutoka Lubumbashi, ilipitisha sheria yake mwaka 2021, baada ya miaka ya kampeni ya Peter Sinkamba wa chama cha Kijani, mtu wa Kitwe. Uganda ililima Kasese kwa ajili ya soko la nje, Israeli ikiwemo. Rwanda ilifungua njia ya kilimo cha kuuza nje. Macho yako kwenye dola, na mgonjwa wa Afrika anapandiwa dawa shambani kwake isimfikie. Hilo linastahili kupigiwa kelele zaidi kuliko linavyopigiwa.

Kwa sasa, kinachonunuliwa kwa siri mtaani si kile kilichopimwa Kfar Saba. Hakuna anayejua kina THC kiasi gani, kimechanganywa na nini, na anayekamatwa nacho hatapona polisi kwa kusema anaumwa tumbo.

Anayeharisha zaidi ya wiki nne, hasa kwa damu, au akikonda, ana kazi ya kufanya kabla ya hayo yote: kipimo halisi cha choo, cha damu, cha kifua kikuu na cha virusi vya UKIMWI, kisha kumwomba daktari barua ya kwenda hospitali kubwa, iwe Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, aulizie kamera ya utumbo mpana. Ikithibitika ni kolitisi ya vidonda, sulfasalazini, kidonge cha zamani kilichomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni pa kuanzia. Na kama tayari anavuta, amwambie daktari bila kuficha, hasa kabla ya upasuaji, kwa kuwa mvutaji wa kila siku huweza kuhitaji dawa nyingi zaidi ya usingizi kuliko mtu mwingine.