Mazoezi ya Moyo Eldoret: Tiba na Ithibatishwe Anakoishi Mgonjwa

Eldoret, mji uliotunukiwa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, umesifika duniani kote kwa wakimbiaji wake, wale wanaopanda na kushuka vilima vya Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet alfajiri kabla jua halijachomoza. Lakini kando ya Barabara ya Nandi, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 na ambayo leo hupokea wagonjwa kutoka pande zote za magharibi ya Kenya, wamo watu ambao kwao kutembea kutoka langoni hadi kliniki ni safari ya kupumzika njiani mara mbili tatu. Hao ni wagonjwa wa moyo uliodhoofika, moyo usioweza tena kusukuma damu kwa kadiri mwili unavyohitaji, nao hutambulikana kwa kuvimba miguu, kukosa pumzi walalapo chali na kuchoka kwa kazi ndogo. Ni kwa ajili ya watu kama hao yalifanyika hospitalini humo majaribio ya tiba ya mazoezi, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, na ambayo kila mwenye dhamana ya afya katika nchi hii yampasa kuyatafakari.

Zamani mgonjwa wa moyo alipewa amri moja tu: alale. Matabibu waliamini kwamba moyo uliojeruhiwa hupona kwa utulivu, na kwa hiyo mgonjwa alilazwa kitandani majuma mengi, akilishwa na kuogeshwa, mpaka damu ikaganda miguuni na misuli ikanyong'onyea. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, walithubutu kuandika kwamba waliwakalisha wagonjwa wao vitini badala ya kuwalaza, na wagonjwa hawakudhurika kama ilivyohofiwa. Kuanzia hapo fikira ziligeuka pole pole, hata mwaka 2009 yakatangazwa majaribio makubwa ya wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa, yaliyoonyesha kwamba mazoezi yaliyopimwa na kusimamiwa ni salama kwa mgonjwa wa moyo aliye katika hali ya kutulia, na kwamba humwongezea nafuu kiasi katika maisha yake ya kila siku.

Je, kama jambo limekwisha thibitika huko, kwa nini tulijaribu tena hapa? Jawabu la kwanza ni kwamba mgonjwa wa huku si yule wa kule. Utafiti wa wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwamo, uliochapishwa mwaka 2012, ulibainisha kwamba wagonjwa wetu wa moyo ni vijana zaidi, umri wao wa wastani ukiwa miaka 52, na kwamba aghalabu maradhi yao hutokana na shinikizo la damu, na wengine na homa ya baridi yabisi iliyowaharibia vali za moyo tangu utotoni, ilhali Ulaya na Marekani kisa kikubwa ni kuziba kwa mishipa ya moyo. Ithibati iliyopatikana kwa watu wa namna nyingine, wenye maradhi ya asili nyingine, ni nguo ya kuazima, na wahenga walikwisha kutuonya kuhusu nguo hiyo.

Jawabu la pili ni kwamba katika tiba ya viungo na utengamao, yaani ile huduma ya kumrudishia mtu uwezo wake baada ya maradhi au ajali, nia njema imekwisha kuwahadaa wataalamu zaidi ya mara moja. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya majaribio ya wagonjwa 2,104 wa kiharusi katika hospitali 56 za nchi 5, ambapo kundi moja liliinuliwa kitandani mapema zaidi na mara nyingi zaidi kuliko ilivyo desturi. Kila mtu alitazamia heri, lakini baada ya miezi 3 waliopona vizuri katika kundi hilo walikuwa wachache kuliko wale walioachwa na huduma ya kawaida. Miaka 2 baadaye, huko India, jamaa za wagonjwa 1,250 wa kiharusi katika hospitali 14 waligawanywa kwa kura, nusu wakafundishwa kuwafanyisha wagonjwa wao mazoezi nyumbani, na baada ya miezi 6 haikuonekana tofauti yoyote. Nani angalidhani? Basi mazoezi, ijapokuwa hayamo ndani ya chupa wala kidonge, yana haki ya kupimwa kama dawa nyingine yoyote.

Watafiti wa Eldoret, ambao ni wa Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake pamoja na wenzao wa ng'ambo, hawakuishia kuuliza kama mazoezi yanaufaa moyo. Waliuliza swali ambalo nchi tajiri haina haja ya kuliuliza: je, mgonjwa ataweza kuyafanya? Wakachagua wagonjwa ambao wakiketi hawana taabu, lakini kazi ya kawaida, au hata pungufu ya hiyo, huwachosha. Walioweza kufika hospitalini waliwekewa ratiba ya vipindi 36 katika muda wa majuma 12. Wasioweza walibaki makwao, wakapewa kifaa kidogo cha kuhesabu hatua na kiwango cha mazoezi cha kutimiza. Na kundi la tatu likafuatiliwa tu kwa ajili ya ulinganisho. Hebu msomaji apige hesabu: vipindi 36 ni safari tatu kila juma, na kwa mtu atokaye Turbo, Kapsabet au Burnt Forest ni nauli 72 za matatu, kwenda na kurudi, mbali na siku za kazi zilizopotea shambani au sokoni. Hesabu hiyo haimo katika vitabu vya tabibu wa Boston.

Miongoni mwa vipimo vilivyotumika ni kile cha kutembea kwa dakika 6, nacho ni kipimo cha unyenyekevu mkubwa. Huhitajiwa ukumbi ulionyooka, kwa kawaida wa mita 30, alama mbili za kugeukia na saa mkononi mwa mtaalamu. Mgonjwa huambiwa atembee, asikimbie, kadiri awezavyo; akichoka anaruhusiwa kusimama na kuegemea ukuta, lakini saa haisimami. Mwisho huhesabiwa mita alizokwenda, na baada ya majuma 12 huhesabiwa tena. Hapana mashine ya mamilioni, wala umeme hauhitajiwi, na kwa hiyo kipimo hiki chaweza kufanyika katika kituo chochote cha afya chenye veranda ndefu.

Watafiti hao waliripoti kwamba tiba ya namna hii inawezekana katika mazingira yetu, nalo ni neno la matumaini. Hata hivyo insafu yatutaka tuseme kwamba makundi hayakugawanywa kwa kura. Aliyeweza kufika ndiye aliyepangiwa hospitali, na huenda mtu huyo alikuwa na fedha zaidi, au nguvu zaidi, au ndugu wa kumsindikiza, na hayo peke yake yaweza kumpa nafuu. Yakini kamili, kama mazoezi ya nyumbani ni sawa na ya hospitali, itapatikana kwa majaribio makubwa zaidi yatakayotumia kura, na ambayo apimaye matokeo hatajua mgonjwa alikuwa kundi gani. Kwani haiwezekani kumficha mtu kwamba anafanya mazoezi, bali yawezekana kumficha mwenye saa.

Jambo jingine ni heshima ya mgonjwa. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wazee, lakini katika utafiti lazima aulizwe, tena kwa lugha anayoielewa, na akikataa asinyimwe huduma yake ya kawaida. Eldoret ina kamati yake ya maadili ya utafiti, inayosimamiwa na chuo na hospitali kwa pamoja, na sheria ya mwaka 2013 humtaka kila mtafiti apate leseni ya tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Hizo ni nguzo njema. Lakini Azimio la Helsinki, linaloongoza matabibu tangu mwaka 1964, latukumbusha pia kufikiri mapema juu ya siku ya baada ya utafiti: watu waliojitolea miili yao watapata nini matokeo yakiwa mema?

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu bilioni 2.4 ulimwenguni wana hali zinazoweza kupata nafuu kwa utengamao, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya wanaouhitaji hawaupati. Kenya ina njia ya kupunguza pengo hilo. Tangu Septemba 2023 imewapa vifaa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao huingia majumbani mwa watu na ambao mikobani mwao mna kipimo cha shinikizo la damu. Wafundishwe kuhesabu hatua na kutambua dalili za hatari. Wataalamu wa tiba ya viungo wa hospitali za kaunti wawe wasimamizi wao. Na serikali, badala ya kungoja wafadhili, igharimie majaribio ya kura yatakayofuata na nauli za watakaoshiriki. Mgonjwa wa moyo wa Moiben akishindwa kuifuata tiba Eldoret, tiba yenyewe haina budi kumfuata Moiben.