Nyoka wa Kando ya Falaj

Ni familia chache za pwani yetu zisizo na mtoto, ndugu au jirani aliyeko Uarabuni. Wako waliokwenda kutafuta elimu, na wako, hasa mabinti, waliokwenda kufanya kazi za majumbani. Tunapowaaga huwausia swala, staha na kuhifadhi pasipoti. Ni nadra kuwausia habari ya nyoka, kwa kuwa wengi wetu hudhani kuwa nyoka ni wa misitu na mashamba yetu, na kwamba kule kuna mchanga na majumba tu.

Sisi tuliishi Oman miaka miwili, katika kijiji kilicho chini ya milima ya Jabal Akhdar, si mbali na Nizwa, tukisomesha watoto Qur'ani. Maji ya kijiji huja kwa falaj, yaani mfereji wa kale uyaletao kutoka milimani hadi kwenye mitende. Usiku mmoja wa kiangazi, msimu wa kuvuna tende, tuliteremka mferejini kutawadha kwa ajili ya Isha. Tuliandamana na mzee mmoja wa hapo, mzaliwa wa Unguja, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kitamu.

Ghafla tulisikia sauti kama ya bajia zinapotumbukizwa katika mafuta ya moto. Mzee akasema kwa sauti ya chini: "Simama hapo hapo, maalim. Usinyanyue mguu." Akawasha kurunzi. Hatua mbili mbele yetu, juu ya ukingo wa mawe, alikuwa amejikunja nyoka mwenye rangi ya mawe yenyewe, kichwa kipana, urefu wake haupiti mkono wa mtu mzima. "Sasa rudi nyuma, polepole." Tukarudi. Nyoka naye akajikunjua, akapotelea katika ufa. "Huyu hamfukuzi mtu," mzee akatuambia. "Humuuma anayemkanyaga."

Miguu yetu ilitetemeka hata baada ya swala, na hilo si aibu. Nabii Musa, alayhi s-salaam, alipoiona fimbo yake ikitikisika kama nyoka aligeuka akakimbia, kama tusomavyo katika Suratu n-Naml.

Sauti ile haitoki kinywani. Magamba ya ubavuni mwa nyoka huyu yana meno kama ya msumeno, naye hujikunja na kuyasugua kuonya kwamba yupo. Aina ya milima ile wataalamu huiita Echis omanensis. Hupenda mabonde yenye maji, na kwa rangi yake ni vigumu kumtambua penye mawe. Ni wa jamii moja na bafe wetu, ijapokuwa ni mdogo kwa umbo. Sumu yake huiondolea damu uwezo wa kuganda, hata aliyeumwa aweze kuvuja damu ndani ya mwili pasipo mtu kuiona.

Haukupita mwezi tukayaona hayo kwa macho. Binti mmoja wa pwani yetu, mtumishi katika nyumba ya jirani, aliumwa kifundoni jioni alipokuwa akikusanya makuti makavu. Alinyamaza usiku kucha, akichelea kuitwa mzembe na kukatwa mshahara. Alfajiri alipopiga mswaki, damu ya fizi haikukoma, na mguu ulikuwa umevimba hadi gotini. Waliokuja kumsaidia, mmoja alileta kamba ya kumfunga, mwingine wembe wa kumchanja. Mzee wetu akawazuia wote wawili, akaamuru gari.

Hospitalini, daktari alitia damu yake kidogo katika kichupa kikavu cha kioo, akakiacha dakika 20 bila kukitikisa. Alipokiinamisha, damu ilimiminika kama maji. Akatiwa dawa ya kuvunja sumu mshipani. Baada ya saa kadhaa kipimo kikarudiwa, na damu ikaganda. Alhamdulillahi, alipona. Lakini saa zile za kunyamaza zilikaribia kumuua kuliko nyoka mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Kwa hiyo mama mwenye nyumba, awe Oman, Lamu au Kwale, ni vyema ayajue haya. Aliyeumwa atulizwe na asitembezwe, kwani mwendo huisambaza sumu, abebwe. Avuliwe mara moja pete, bangili, saa na furungu kabla uvimbe haujavibana. Kiungo kilichoumwa kiwekewe ubao kisichezecheze. Asifungwe kamba, asichanjwe, asinyonywe jeraha, asiwekewe barafu wala jiwe jeusi. Asipewe aspirini, kwani huzidisha kuvuja damu. Saa aliyoumwa ikumbukwe, na umbo la nyoka likumbukwe pia, lakini asifuatwe kwenda kuuawa. Wengi huumwa katika kumwandama. Daktari huhitaji maelezo hayo, maana dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa nchi moja huenda isimfae aliyeumwa na nyoka wa nchi nyingine.

Wako watakaouliza: je, kisomo? Kisomo kipo. Imethibiti katika hadithi ya Abu Said al-Khudri kwamba chifu wa kabila moja aliyeumwa na mdudu wa sumu alisomewa Al-Fatiha akapona, na Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, akaliridhia. Lakini Mtume huyo huyo alituamrisha kutafuta dawa. Basi na asomewe ndani ya gari, huku gari likienda hospitali. Kumkalisha mgonjwa barazani akisubiri kisomo kiishe si katika tawakuli.

Kinga nayo imo katika mafunzo yetu. Mtume alituelekeza kukung'uta kitanda kabla ya kulala, kwani mtu hajui kilichoingia baada yake. Tuwafunze watoto kukung'uta na viatu pia, kushika kurunzi usiku, na kutotia mkono penye kuni au makuti pasipoonekana.

Na kwa binti anayejiandaa kusafiri, wazazi wamwambie wazi: ukiumwa, piga kelele. Mshahara hulipwa mwezi ujao, uhai haulipwi. Nanyi mnaowaajiri mabinti wa watu hapa kwetu, jiulizeni kama yule aliye jikoni mwenu angethubutu kuwaamsha usiku wa manane. Allah awahifadhi watoto wetu walio karibu na walio mbali, na atujaalie kuwa amana njema kwa watoto wa wenzetu. Amin.