Kuifungua Kompyuta Mpakato Nyumbani

Leo tumo Kalangalala, mjini Geita. Vumbi la huku mnalijua. Huingia hata ndani ya kompyuta mpakato, ile watu waiitayo laptopu, likaziba feni. Ndipo chombo hupata joto na kujizima.

Ukitaka kuifungua uisafishe, kwanza izime kabisa, uchomoe chaja. Ilaze kifudifudi juu ya kitambaa. Legeza skrubu kwa bisibisi ndogo ya nyota. Ziweke ndefu katika kisoda kimoja, fupi katika kingine, kwa sababu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi huweza kutoboa bodi. Mfuniko ukikataa kutoka, usitumie nguvu. Labda iko skrubu uliyoisahau.

Sasa itazame betri. Je, imevimba kama andazi? Basi acha kazi hapo hapo. Betri hii ni ya lithiamu. Ikitobolewa au kukunjwa huwaka, na moshi wake ni sumu. Usiitupe motoni wala jalalani, mpelekee fundi. Ikiwa nzima, ichomoe, uiweke kando. Kisha zuia feni kwa kidole isizunguke, upanguse vumbi kwa brashi laini iliyo kavu.

Mtaona rangi ya dhahabu kwenye bodi. Ndiyo, ni dhahabu kweli, lakini ni utando tu. Yuko atakayetamani kuichoma jikoni, kama wachimbaji wadogo wachomavyo dhahabu yenye zebaki. Asithubutu! Bodi nyingi za zamani zina risasi, nayo huharibu ubongo wa mtoto.