Dalili za Paka Mgonjwa: Yapasayo Kujulikana kabla ya Kununua Dawa

Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, mahindi huhifadhiwa majumbani kwa miezi mingi baada ya mavuno, na paka ndiye mlinzi wa ghala dhidi ya panya. Mlinzi huyu hapigi kelele anapougua. Hujificha uvunguni au nyuma ya magunia na kukaa kimya. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Msemo huo wamstahili paka. Ni wajibu wa mfugaji, basi, kuzitambua dalili mapema.

Dalili za kuangaliwa kila siku

Paka mzima hula, hujilamba manyoya na huitikia sauti ya mwenyewe. Mashaka yaanze iwapo:

- amekataa chakula kwa saa 24 au zaidi;
- ameacha kujilamba, na manyoya yamesimama au kushikamana;
- utando mweupe umefunika sehemu ya jicho;
- anatapika au kuharisha mara kwa mara;
- anakunywa maji mengi kuliko kawaida, au anakonda ingawa anakula.

Asubuhi za Juni na Julai, paka wengi hujikunyata karibu na jiko. Hilo lisikutie hofu. Lakini baridi pekee haimfanyi paka aache kula.

Mhesabu pumzi anapolala: kwa kawaida hazizidi 30 kwa dakika. Mfunue mdomo pia. Fizi za paka mzima ni za waridi. Fizi nyeupe, za manjano, za kahawia au za buluu ni ishara ya hatari.

Hali zisizosubiri kesho

Mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja iwapo anahema mdomo ukiwa wazi, ana degedege, anatokwa damu, au amekula sumu ya panya au panya aliyekufa kwa sumu. Baadhi ya sumu hizo huzuia damu kuganda, na dalili zake huchelewa kwa siku kadhaa. Aidha, paka dume anayejikamua bila kutoa mkojo huenda njia yake imeziba. Asipotibiwa, hufa katika siku chache.

Dawa zinazoua

Kosa la kusikitisha zaidi hutendwa kwa nia njema: mfugaji humwona paka ana homa, akampa kipande cha kidonge cha parasetamoli. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Kidonge kimoja cha miligramu 500, au hata nusu yake, chaweza kumuua. Uso na miguu huvimba, fizi hugeuka kahawia, na pumzi humwishia.

Hatari ya pili ni permethrini. Kiuatilifu hiki kimo katika baadhi ya dawa za unga za kuhifadhia mahindi na katika baadhi ya dawa za viroboto vya mbwa. Paka akiguswa nacho, kisha akajilamba, hutokwa mate, hutetemeka na kupata degedege. Usimpake kamwe dawa ya ghalani ili kuua viroboto, na umzuie kulala juu ya magunia yaliyotiwa dawa hiyo.

Haki na wajibu wa mnunuzi

Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), katika duka lenye kibali. Soma lebo: je, imeandikwa kuwa yafaa kwa paka? Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha dai risiti na uitunze. Unayo haki pia ya kumwuliza anayetibu mnyama wako iwapo amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, linalosimamia taaluma hiyo chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003.

Paka akikuuma

Paka aliyebadilika tabia ghafla, akawa mkali au akashindwa kumeza, aweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimshike. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu ukishadhihirika kwa binadamu, karibu kila mara humuua. Chanjo ikitolewa mapema humwokoa. Mchanje paka wako dhidi yake, nawe utakuwa umeilinda kaya nzima.