Saa za Shaba za Paris (2): Dhahabu, Zebaki na Wosia wa Ravrio

Wiki iliyopita tulifungua mgongo wa saa tukaona kamani zake mbili, moja ya kuendesha mishale na nyingine ya kugonga kengele. Leo tuigeuze tuitazame usoni, kwenye ile dhahabu inayomvuta kila mtu, kwa maana dhahabu hiyo ilipatikana kwa maisha ya watu.

Mwili wa saa hizi si dhahabu tupu. Ni bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, na mara nyingi zinki pia. Ilisubiwa kwa kalibu, kisha fundi akaketi nayo siku nyingi akiichonga kwa tindo, unywele kwa unywele, jani kwa jani. Ndipo ikapelekwa kwa mtia dhahabu.

Huyu aliyeyusha dhahabu ndani ya zebaki ikawa uji mzito, akaupaka juu ya shaba, kisha akaiweka kazi yake juu ya moto wa makaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, dhahabu hata haijaanza kulainika. Kwa hiyo zebaki iligeuka mvuke ikaondoka, dhahabu ikabaki imeshikamana na shaba. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaijua kemia hii vizuri, maana nao huchoma mchanganyiko huohuo ili wapate dhahabu yao, na mvuke ni uleule.

Mtia dhahabu wa Paris aliuvuta mvuke huo kila siku ya kazi. Mikono ilianza kutetemeka, meno yakalegea, mate yakamtoka ovyo. Wengi walikufa kabla ya uzee. Saa iliyowaua ilibeba kwenye uso wake jina la fundi saa; pengine na la msubi wa shaba, kama Pierre-Philippe Thomire. Jina la mtia dhahabu ni nadra mno kulikuta, isipokuwa la bingwa kama Pierre Gouthière, aliyesifika kwa dhahabu yake isiyong'aa.

Kati ya mabwana wa biashara hii, ninayemheshimu kuliko wote ni André-Antoine Ravrio. Alitengeneza shaba za majumba ya Napoleon na alitajirika kwa jasho la watia dhahabu. Alipofariki mwaka 1814, wosia wake ulikuwa umetenga faranga 3,000 kwa yeyote atakayebuni njia ya kuwakinga mafundi hao na zebaki. Zawadi hiyo aliipata mwanakemia Jean-Pierre-Joseph d'Arcet mwaka 1818. Alichobuni ni tanuri lenye dohani ndefu na moto wa pembeni unaovuta hewa kwa nguvu, ili mvuke upande juu badala ya kuingia kifuani mwa mtu. Saa za Ravrio ni nzuri, lakini kwangu mimi kazi yake kubwa ni ule wosia.

Mwaka 1840 Elkington wa Birmingham alipata hataza ya kupaka dhahabu kwa umeme, na miaka miwili baadaye Charles Christofle akainunua haki hiyo kwa Ufaransa. Zebaki ikaanza kuachwa, ingawa polepole.

Mabadiliko hayo ndiyo yanayomsaidia mnunuzi wa leo. Dhahabu ya zebaki ni nene, tena ina sura mbili: sehemu zilizosuguliwa kwa jiwe la akiki zinang'aa kama kioo, na sehemu zilizoachwa zimefifia kama ngozi. Ndani na mgongoni mara nyingi hakuna dhahabu, kwani hakuna aliyeipoteza pasipoonekana. Dhahabu ya umeme ni nyembamba na imeenea sawasawa. Ukikwaruza kidogo upande wa chini ukaona rangi ya kijivu, hiyo ni zinki tupu, si bronzi. Bronzi hung'aa kwa rangi ya njano au nyekundu.

Vinara vya matawi vinavyosimama pande mbili za saa vipimwe kwa jicho hilohilo. Seti za saa na vinara viwili zilipendwa sana katika karne ya 19, lakini nyingi zinazouzwa leo zimekusanywa baadaye. Linganisha rangi ya dhahabu, linganisha nakshi za vitako, kisha chungulia ndani ya matawi. Mengi yalitobolewa katika karne ya 20 ili nyaya za umeme zipite, na tundu hilo hupunguza bei kuliko mkwaruzo wowote.

Wiki ijayo: sanamu zilizosimama juu ya saa, na kwa nini Mwafrika aliwekwa miongoni mwao.