Hitilafu za gia katika stendraivu

Hitilafu za gia katika stendraivu ni matatizo yanayozuia boti kuingia gia, kutoka gia au kubaki katika gia iliyochaguliwa. Stendraivu ni mtambo wa kuendeshea boti ambao injini yake hukaa ndani, karibu na tezi, na mguu wenye gia na propela (rafadha) hufungwa nje ya ukuta wa tezi. Katika mitambo ya zamani chanzo cha hitilafu mara nyingi si gia zenyewe bali kebo inayozisogeza. Boti haina breki. Nahodha huipunguzia mwendo kwa gia. Kwa hiyo boti inayokataa kutoka gia inapokaribia gati inaweza kugonga gati, boti nyingine au watu walio majini.

Historia

Stendraivu ya kwanza kufanikiwa sokoni ilikuwa Aquamatic ya kampuni ya Volvo Penta ya Uswidi, iliyotolewa mwaka 1959. Mhandisi Mmarekani Jim Wynne alikuwa mmoja wa wabunifu wake. Mwaka 1961 mitambo ya MerCruiser ilitolewa Marekani. Aina yake iitwayo Alpha One, ya miaka ya 1980, ni mfano mzuri wa kueleza hitilafu hizi, kwa kuwa hutumia klachi ya meno. Aquamatic nyingi hutumia klachi ya koni, ambayo uchunguzi wake ni tofauti.

Namna gia inavyofanya kazi

Nguvu ya injini hupita katika ukuta wa tezi hadi sehemu ya juu ya mguu, kisha hushuka kwa shafti ya wima. Chini ya shafti hiyo kuna gia ndogo inayozungusha gia mbili zinazotazamana, moja ya kwenda mbele na nyingine ya rivasi. Gia hizo mbili huzunguka muda wote injini inapowaka, kila moja kwa upande wake. Kati yao kuna klachi ya meno iliyo kwenye shafti ya propela. Klachi ikisogea upande mmoja hushika gia ya mbele. Ikisogea upande wa pili hushika rivasi. Ikikaa katikati, boti huwa nyutro. Klachi za meno hutumika pia katika injini za nje, kama zile zinazofungwa kwenye boti nyingi za wavuvi wa Afrika ya Mashariki.

Klachi husogezwa na kebo mbili. Ya kwanza hutoka kwenye mkono wa gia hadi kwenye bati la gia lililofungwa kwenye injini. Ya pili, yaani kebo ya chini, hutoka kwenye bati hilo, hupenya ukuta wa tezi na kuingia katika mguu.

Kwenye bati hilo kuna swichi ya kukata cheche. Meno yanapobeba nguvu ya injini hubanana na hayaachani kwa urahisi. Nahodha anaporudisha mkono nyutro, ugumu huo husukuma wenzo mdogo unaobonyeza swichi. Cheche hukatika kwa muda mfupi sana, injini hulegea na meno huachana.

Dalili na vyanzo vyake

* Injini huzimika wakati wa kubadilisha gia. Mara nyingi kebo ya chini imekuwa nzito, hivyo swichi hubonyezwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa.
* Gia hukataa kutoka. Kebo imekwama, au swichi haikati cheche.
* Mlio wa kukwaruza gia inapoingia. Injini inazunguka kwa kasi mno, au mkono unasukumwa polepole na meno yanagongana kabla ya kushikana.
* Gia huruka boti inapoongezewa mwendo. Kebo haikurekebishwa vizuri, au kona za meno zimelika.
* Injini huvuma lakini boti haiendi. Huenda mpira ulio ndani ya kitovu cha propela unateleza. Mstari wa rangi huchorwa kuvuka kitovu na ganda lake la nje. Baada ya safari fupi, mstari ukiwa umeachana, mpira umelegea.

Uchunguzi

Injini huzimwa, ufunguo hutolewa na betri hukatwa, kwa kuwa mtu atashika propela. Kisha kebo zote mbili hufunguliwa kwenye bati la gia na kila moja hupimwa peke yake.

Kebo ya kwanza ikiwa nzito, tatizo liko kwenye kebo hiyo au kwenye kisanduku cha mkono wa gia. Kebo ya chini husukumwa na kuvutwa kwa mkono huku mtu mwingine akizungusha propela polepole, maana meno hayawezi kuingia yasipolingana. Ikiwa nzito, mguu hushushwa na kebo hupimwa tena. Ikiwa bado nzito, kebo ndiyo mbovu. Ikiteleza vizuri, kasoro iko ndani ya mguu.

Oili ya gia nayo hukaguliwa. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji kupitia sili. Vipande vya chuma huonyesha kwamba meno, gia au beringi zinavunjika.

Matengenezo

Kebo ya chini huharibika ganda lake linapopasuka na maji kuingia, kisha waya wa ndani hupata kutu. Kebo iliyoharibika hubadilishwa. Kuipaka grisi hakuondoi kutu iliyo ndani. Baada ya kuifunga, urefu wake hurekebishwa kwa vipimo vya kitabu cha mtengenezaji.

Kwa kuwa mguu huwa umeshushwa, mafundi hukagua pia mipira ya mikunjo inayozuia maji kwenye ukuta wa tezi. Mpira uliopasuka unaweza kujaza boti maji hata ikiwa imefungwa gatini.

Kuna njia mbili za mkato zenye madhara. Kutenganisha swichi huzuia injini kuzimika, lakini gia hukwama na meno huumia. Kuongeza mwendo wa chini wa injini nako huficha tatizo na kufanya meno yagongane kwa nguvu zaidi.

Usalama

Kabla ya kuwasha injini ya petroli, feni ya chumba cha injini huendeshwa ili kutoa mvuke unaoweza kulipuka. Injini ikijaribiwa nchi kavu, mguu huunganishwa na mpira wa maji, kwa sababu pampu ya maji ya Alpha One iko ndani ya mguu na huharibika haraka ikizunguka pakavu. Jaribio la mwisho hufanywa mahali palipo wazi, mbali na waogeleaji, na boti haipelekwi gatini hadi iingie na kutoka gia zote mbili bila kusita.